Leo Nimevunja Mkataba wa Nyumba ya Mzee Kule

Bwera, Jumanne. Mvua imeanza alfajiri na hadi saa nane ilikuwa haijaamua kuacha. Nguo za jana bado mbichi kwenye kamba ya ndani. Nimechoka, ila sina hasira. Hasira ilikuwa ya mwezi uliopita.

Leo nimevunja mkataba.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vilivyoungana na vya mwenye nyumba, Mzee Kule, mgane wa miaka sabini hivi aliyenipokea nilipohama kutoka Kilembe. Imechimbiwa mlimani kama nyumba nyingi za huku, kwa hiyo ukuta wa nyuma umeegemea udongo. Chumba cha ukuta huo ndimo ninamolala na binti yangu Masika, wa miaka saba. Kuvu ilianza chini, karibu na mguu wa kitanda, doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Sasa imefika dirishani. Begi la shule la Masika limeota manyoya meupe. Na Masika anakohoa, wiki ya sita sasa. Nesi alimsikiliza kifua, kisha akaniuliza swali moja tu: mnalala wapi?

Nilimwambia Mzee Kule mara nne. Mfereji wa bati unaopokea maji ya paa umevunjika, maji yote yanamwagika nyuma ya ukuta. Mara nne alikubali kwa upole, mara mbili akaleta fundi, na mara zote mbili fundi alikuja na brashi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee wangu huyu ufa anaupaka rangi. Ya kwanza ilikuwa kijani, ya pili krimu. Kuvu ilizitoboa zote kabla hazijaacha kunuka.

Sasa niungame, maana hapa sina wa kumdanganya. Nyuma ya ukuta ule kuna migomba ya Mzee. Kwetu maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo hayamwagwi ovyo, hupelekwa mgombani. Mwezi baada ya mwezi nimebeba beseni asubuhi na jioni, nikimwaga kwa adabu zote, na Mzee akinisifu kwa majirani kwamba amepata mpangaji mwenye malezi. Alinikatia mkungu mkubwa, nikaupika kwa furaha. Kumbe nilikuwa naunywesha ukuta ninaolalia! Nilipogundua nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu. Niliacha. Mfereji haukuacha.

Mkataba wetu uliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, ukagongwa muhuri na mwenyekiti wa kijiji, na ulikuwa umebakiza miezi minne. Kilichoandikwa mbele ya mwenyekiti hufutwa mbele ya mwenyekiti. Basi saa tisa tukasimama watatu kile chumba cha nyuma, mimi nimejiandaa kwa maneno kama wakili.

Mwenyekiti aligusa ukuta, akafuta kiganja kwenye suruali.

"Mzee, humu mutu iko analala?"

"Ukuta inatoka jasho tu," Mzee akasema. "Ni mvua, itakauka. Huyu ni mutoto yangu. Anaenda wapi mbele ya mwaka kuisha?"

Iliniuma. Alikuwa anasema kweli. Nilipolala na malaria ndiye aliyempeleka Masika shuleni kila asubuhi, akimshika mkono. Maneno yote niliyoyapanga yakanitoka kichwani.

Kabla sijajibu, Masika alikohoa chumba cha mbele. Kikohozi kirefu, kile cha kumkunja mgongo.

Mzee alitazama mlango, kisha sakafu.

"Mama Thembo alikuwa anakohola vile vile," akasema. Mama Thembo ni marehemu mke wake. "Tulisema ni moshi ya jiko."

Akaomba kalamu, akaandika mwenyewe, taratibu, kwamba ameniachilia bila deni. Mwenyekiti akagonga muhuri, akaenda zake.

Nilipaswa kufurahi. Nimepata chumba kikavu upande wa barabara, dirisha linapata jua, na kesho tunahama. Nilichokitaka nimekipata. Masika atapumua.

Nilipomsindikiza Mzee mlangoni nikamuuliza, "Na wewe, Mzee, unalala upande gani?"

Akacheka. "Ukuta iko moja, mutoto yangu. Mi nitahama nyumba yangu niende kwa nani?"

Mimi nilikuwa na mkataba wa kuvunja. Yeye hana. Nimekaa juu ya mafurushi ya nguo tangu alipoondoka, mvua inaendelea, na ninajiuliza nani atamsikia siku akianza kukohoa.