Mama Chaja, Tableti Zimebaki Shuleni

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu asubuhi ile daktari alipotoka wodini ameshika miwani mkononi, na Baba akajua kabla hajaambiwa. Tumelia vya kutosha. Leo hatukuandikii ili kulia. Tunakupa habari, na wenye masikio kule ofisini wazisikie pia.

Kwanza tunalikataa lile neno lililozagaa msibani, kwamba kazi ndiyo iliyokuua. Ulikufa kwa ugonjwa wa moyo, na moyo wako ulikuwa mgonjwa hata kabla hatujazaliwa. Kazi ndiyo iliyokuwa ikikutoa kitandani. Anayesema ungetulia nyumbani ungekuwa hai hakukujua. Ungetulia nyumbani, wa kufa tungekuwa sisi.

Wenzetu huandika kwamba marehemu wao alikuwa mpole, hakuwahi kukosana na mtu. Sisi tukiandika hivyo mtaa mzima utatucheka. Ulikosana na mwenye nyumba, ukakosana na fundi bomba, ukakosana na mkuu wa shule yako mwenyewe. Lakini jirani akiuguliwa, wewe ndiye uliyefika wa kwanza na sabuni yako. Ulifua, ukaosha vyombo, ukapiga deki, ukaondoka bila kungoja shukrani.

Ulikuwa mwalimu wa sayansi hadi ofisi ya elimu ya wilaya ilipokuita usimamie tableti zilizoletwa kwa ajili ya shule zote za umma. Ulikwenda unameremeta kama bibi harusi. Ukakuta maboksi yamerundikwa stoo chini ya turubai, mlango umepigwa kufuli. Ulitusimulia mezani huku ukimwigiza mkuu wako mpya wa ofisi ya elimu, mpaka Baba akapaliwa na chai.

"Mwalimu, vitu hivi ni ghali. Watoto watavivunja."

"Watavunja baadhi, mkuu."

"Na nani atajibu?"

"Mimi."

"Haya, tusubiri kwanza uzinduzi. Mgeni rasmi hajapatikana."

Ulisubiri muhula mzima. Muhula uliofuata ukaomba ufunguo kwa mtunza stoo, mchana kweupe, ukapakia maboksi kwenye gari la ofisi na kuyagawa shule baada ya shule. Mkuu alipokuuliza kwa hasira umezindua na nani, ukamwambia, "Na wenyewe."

Baba, kwa useremala wake, akaweka kando vitanda vya wateja akakutengenezea makabati ya kuchajia, yenye vyumba vyembamba na matundu ya kupitishia nyaya. Wewe ulizunguka na nyaya za akiba shingoni, ndiyo maana watoto wakakubandika jina la Mama Chaja. Ulijifanya umechukia. Tulikuona ukilitumia kwenye simu: "Halo, Mama Chaja hapa, nani mwenzangu?"

Walimu wengine walikukimbia. Yule mzee wa hisabati, ambaye wanafunzi humwita Mwalimu Chaki kwa vile koti lake halijawahi kukosa vumbi jeupe, alikwambia waziwazi, "Mwanangu, mimi nakaribia kustaafu. Niache na ubao wangu."

"Ubao wako hakuna anayeutaka, mzee. Nishikie tu hii, nafika uani mara moja."

Ukachelewa makusudi. Uliporudi ulimkuta ameinamia picha ya pembetatu, anaizungusha kwa kidole, anacheka peke yake. Baadaye yeye ndiye aliyewafundisha wenzake, tena kwa ukali.

Halafu yule binti wa fundi cherehani. Alikaa dawati la mbele kabisa, daftari karibu limguse pua, na bado alishindwa kusoma. Wenzake walimwita Zuzu. Wewe hukumuuliza kitu. Uliyakuza maandishi ya hadithi mpaka maneno machache tu yakajaza kioo, ukamwekea mbele yake. Alisoma. Alisoma ukurasa, akasoma mwingine. Mvulana mmoja akaropoka, "Kumbe unajua kusoma!"

"Najua siku zote," akamjibu. "Nilikuwa sioni."

Ulifika nyumbani ukakaa jikoni na viatu miguuni, chakula kikapoa mbele yako. Kisha ukatuuliza, "Watoto kama yule tumewafelisha wangapi?"

Tableti ya kwanza ilipopasuka kioo, mkuu alipata alichokuwa akikitafuta. Ukahamishiwa masjala, kupanga mafaili ya watumishi. Alidhani amekukomesha. Walimu wakahamia sebuleni kwetu kila Jumamosi, viatu vimejaa mlangoni, na Mama Mdogo akalalamika kwamba ndugu yake amefungua chuo bila kumwambia nani atapika. Alipika. Hata wodini, nesi alikunyang'anya simu kwa sababu ulikuwa ukimwelekeza mtu namna ya kuunganisha mtandao huku umewekewa oksijeni.

Sasa sikia yaliyofuata.

Kaburi lako halijajengewa bado, likaja agizo tableti zote zikusanywe na kupelekwa shule moja, ile ya jirani na makao makuu ya wilaya, wanakopelekwa wageni na wapiga picha. Lori likaanza na shule ya yule binti. Wazazi wakaitwa kuarifiwa. Nasi tukaenda, maana tulisikia jina lako litatajwa.

Likatajwa kweli. Mkuu wako yule wa wilaya alisimama mbele ya ofisi ya walimu, akajifuta jasho, akasema, "Ni kwa usalama wa vifaa tu, ndugu zangu. Hata marehemu mwenyewe angekubali."

Bibi akanyanyuka. Unamjua mama yako, magoti yake humchukua muda, na hakuna aliyethubutu kusema kabla hajasimama sawasawa.

"Baba, huyo marehemu nimemzaa mimi," alimwambia mkuu. "Tangu anyonye mpaka namzika, sijasikia akikubali kitu kinachomdhulumu mtoto. Wewe alikukubalia wapi?"

Watu wakaangua kicheko, lakini si kicheko cha furaha. Fundi cherehani akapita katikati ya umati na utepe wake wa kupimia bado uko shingoni, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha makabati. "Mwanangu anasoma kwa kile kifaa," alisema. "Mkikichukua, mtakuwa mmemng'oa macho. Nipiteni mimi kwanza."

Baba akasimama kando yake. Yeye ambaye hajawahi kupandisha sauti hata kwenye mpira! Mimi nikafuata, nimemshika mkono Mama Mdogo. Mwalimu Chaki akawageukia wapakiaji: "Nimejifunza uzeeni, kwa taabu, halafu mninyang'anye? Rudini mlikotoka." Wazazi wakajazana barazani mpaka nguzo zikawa hazionekani. Dereva, kijana wa watu, alimtazama mkuu, akatutazama sisi, akapanda lori lake akawasha injini. Liliondoka tupu, na watoto walilishangilia hadi kwenye kona.

Baada ya hapo ofisi ikatangaza kwamba agizo "limesitishwa". Hatulipendi neno hilo. Kinachositishwa kinaweza kurudi, kwa hiyo wazazi wanapeana zamu za kupita shuleni. Mwalimu Chaki amestaafu lakini hajaondoka.

Yule binti amefaulu, Mama. Yuko sekondari, na huko hakuna tableti hata moja. Amerudi kubandika pua kwenye daftari. Tumeuliza, tumeambiwa kuna utaratibu. Tumeuliza utaratibu gani, tumeambiwa tuvute subira. Jumatatu tunakwenda ofisini, sisi na mama yake, yule fundi cherehani. Mkuu ametuma ujumbe kwamba atakuwa kikaoni. Tutakaa mlangoni mpaka kikao kiishe, kama kipo.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi seremala. Mama yako mzazi. Mdogo wako, Mama Mdogo wetu. Wanao, mimi binti yako mkubwa niliyeandika haya na wadogo zangu mapacha. Shemeji na wifi zako wote. Na walimu wa Jumamosi, ambao sasa tunawahesabu kuwa ndugu.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Mama. Wao wangependa kukusahau, na hatutawaruhusu.