Mkono Unaoonja Maharagwe Yako

Kambi ya wajenzi, Juba

Mke wangu mpenzi, Mama Nekesa,

Pokea salamu zangu pamoja na vumbi la huku, maana hata karatasi hii itabidi uikung'ute kabla ya kuisoma. Hamjambo hapo Dabani? Nekesa meno yake ya mbele yameota? Mguu wa mama umepoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, na leo nitausema.

Usishangae kupata barua siku hizi za simu. Nikikupigia jioni, simu yako iko kwenye kile kijiti cha kushikia simu, inapiga picha sufuria. Ukipokea unaninong'oneza, "Baba Nekesa, tuko laivu," halafu unakata. Basi barua hii nimempa dereva wa lori anayeshusha mzigo Tororo, ataifikisha. Karatasi haina laivu.

Video zako natazama zote, bando langu linaishia huko. Wala sisemi unapika vibaya, ningekuwa mwongo. Nikikuona unachambua maharagwe ya Buhehe kwenye ungo, unatia yale maji ya majivu uliyochuja ili yalainike, kisha unakoroga karanga iliyosagwa mpaka mchuzi unakuwa mzito, mate yananijaa. Huku tunapikiwa maharagwe yenye mawe na maji mengi. Watu wanakusifu nami nafurahi, lakini nafurahi nusu. Nusu nyingine ni wivu, mke wangu. Wivu mtupu, sina jina lingine la kuupa.

Yule wa Nairobi alikuandikia, "Mrembo, hizo maharagwe ni moto, nani alikuoa?" Ukamjibu kwa moyo mwekundu na "Karibu Busia." Karibu wapi, kwetu Dabani? Mbona swali lake hukulijibu? Jibu lilikuwa fupi, jina moja tu.

Hilo ningelimeza. Lililonikwama kooni ni ule mkono.

Tangu nikuoe, maharagwe hayakuwahi kuepuliwa kabla sijaitwa. Hata nikiwa uani naziba pancha ya baiskeli, utaita, "Leta mkono!" Nami nakuja nakinga kiganja, unanidondoshea mchuzi kwa mwiko, nalamba, nasema chumvi bado, au chumvi imetosha. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika jiko lako, na niliipenda kuliko hii ya kubeba matofali. Sasa kila video, mwishoni, unasema vilevile, "Leta mkono," na mkono unatokea pembeni. Mkono huo una kovu la kuungua kwenye kidole gumba. Ulidhani sitaujua? Ni wa Barasa, fundi simu, rafiki yangu, ambaye mimi mwenyewe nilimwomba aje akushikie simu ili picha zitoke vizuri. Nilimwomba ashike simu. Sikumwomba alambe.

Jumamosi tulikuwa tunakula, Okoth, mwashi mwenzangu wa kule Petta, akaiegemeza simu kwenye jagi la maji akafungua video yako. Ndiyo desturi yao siku hizi, wanakula maharagwe ya kambi huku wanatazama yako, eti ndipo yanashuka. Mkono ukatokea.

"Huyu ndiyo bwana yake," akasema Okoth. "Ona vile yeye nalamba! Huyu mtu nakula maisha."

Nikaweka kijiko chini. "Huyo mama ni mke wangu."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. "Hata mimi ni wangu," akasema Mkenya mmoja wa Malaba. "Sisi wote hapa tumemuoa, boss. Sasa kama ni wako, mbona mkono si wako?"

Niliangalia kiganja changu, saruji imekipasuapasua, nikaondoka nikaacha sahani pale. Ndiyo sababu ulipiga simu Jumapili nikaiacha iite.

Usiache kupika. Barasa pia usimfukuze, anashika simu bila kutetemeka, na nimesikia watu wameanza kuvuka mpaka na bakuli zao kuja kununua. Hiyo ni baraka yetu sote. Lakini wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nimeona kiganja cha mbali hakionji mchuzi. Ndicho kinachoniuma.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mguu namletea. Nekesa mbusu paji la uso. Msalimie dada yangu anayekusaidia kubeba kuni, na jirani yetu aliyekuazima ile sufuria kubwa. Barasa naye msalimie, lakini kwa mdomo, si kwa mchuzi.

Na wewe nakuomba jambo moja. Jumapili ukipika baada ya kanisa, ukifika kwenye chumvi, usigeuke pembeni. Igeukie simu. Sema, "Baba Nekesa, leta mkono," kisha udondoshe hapo hapo mbele ya kamera, hata kama mchuzi utamwagika chini. Nitakuwa nimekaa na Okoth na wenzake, kiganja nimekikinga juu ya sahani. Wakicheka, wacheke. Mimi nitalamba, halafu nitakupigia nikwambie kama chumvi imetosha.

Mwonjaji wako,
Baba Nekesa