Kravati Niliyovaa Kwenda kwa Polisi

Mujukuu wangu Amisi,

Tunakusalimia toka Alunguli. Bibi yako bado anakohoa na mpunga umeharibika, lakini tungali tunapumua.

Unauliza namna ya kupata karatasi ya polisi inayosema hujafungwa, ili wakupe kazi huko Kampene. Unaenda na kitambulisho na picha, umevaa shati la kawaida, unangoja. Ni hivyo tu. Lakini mimi sikuipata.

Nilikuwa kijana, wakati wa Zaire, na reli ilitafuta makarani. Nilitoka Kibombo kwenda polisi mjini kuomba hiyo karatasi, nimevaa kravati ya marehemu baba, nionekane muntu mwaminifu. Kumbe Chama kilichotawala kilikuwa kimekataza kravati, ati ni vazi la wazungu, na kwetu habari ilikuwa haijafika. Polisi aliivuta shingoni mwangu.

“Weye njo muzungu mupya?”

Nikalala ndani. Nilipotoka, kravati haipo, na kazi imepata wenyewe.

Nilirudi kuomba karatasi, mwaka baada ya mwaka. Kila mara waliniuliza, kwa upole kabisa:

“Baba, ulishafungwa?”

“Ndiyo. Humu humu, siku nilipokuja kuomba karatasi.”

Wakaandika: ndiyo.

Mimi babu yako, niliyezeeka bila hiyo karatasi.