Eti Kendi Apone

Jumanne, Nkubu

Eti apone.

Miaka kumi na miwili nimeandika na kutayarisha kipindi cha televisheni cha Kendi, shujaa wa watoto mwenye barakoa, asiyesikia na anayeongea kwa ishara. Kawira anayemwigiza pia hasikii. Leo tukirekodi Timau, kwenye shamba la ngano, mkurugenzi mpya wa kituo akatutembelea, akasema mbele ya wote, "Madam, msimu ujao Kendi atibiwe, asikie. Watoto wamechoka kusoma maandishi kwa skrini."

Nikamuuliza, "Na Kawira?"

"Tutatafuta msichana anayeongea vizuri."

Kawira alikuwa amesimama hapo hapo. Mkalimani wake alishindwa kumtafsiria, mikono ikabaki hewani. Nikatafsiri mimi mwenyewe kwa ishara, neno kwa neno.

Kisha nikamwambia mkurugenzi, "Kendi akipona, atapona bila mimi."

"Sawa, Madam."

Haraka hivyo, kama mtu aliyekuwa akingoja tu niseme. Hapo ndipo panaponichoma. Hakuhitaji hata kufikiri.

Kawira akavua barakoa ya Kendi, akaiweka kwenye kiti cha yule mkurugenzi, akanifuata garini.

Sikumwomba anifuate. Ana mtoto mchanga, na sijui kipindi kingine kinachoweza kumchukua. Mimi mwenyewe sijui nitaenda wapi na umri huu.

Nilipomshusha kwao aliniuliza kwa ishara, kesho tunaanza kazi saa ngapi?

Nikamjibu, saa mbili asubuhi. Kazi gani, sijui.