Kutu kwenye Maharage ya Shemeji

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi za nyumba mpya. Mimi sijambo. Mgongo uliopasuliwa umetulia, ila hauniruhusu kuinama zaidi ya dakika kumi, nazo nazitumia vizuri.

Umeniandikia kwamba shamba la maonyesho la kituo cha utafiti limegeuka rangi ya matofali wiki mbili tu baada ya sherehe ya kuzindua maharage, na kwamba mumeo amekutuma uniulize, kwa upole, kama kaka anajua lolote. Kaka anajua. Kaa kitako nikueleze.

Kinachokula maharage yenu huitwa kutu, ingawa si ya chuma. Ni kuvu. Geuza jani utaona vipele. Pitisha kidole, kitabaki na unga, na kila chembe ya unga huo ni mbegu ya ugonjwa. Mmea huweza kuzaliwa na kinga, ukairithi kama sisi tulivyorithi masikio ya baba. Lakini jeni moja ya kinga ni sawa na mlinzi aliyeonyeshwa sura ya mwizi mmoja: akija mwizi mwenye sura nyingine, mlinzi humfungulia geti na kumkaribisha chai. Ndiyo maana nilipandanisha maharage yale pale kituoni miaka kumi na miwili, nipate walinzi wawili. Nilikuwa nimempata mmoja tu nilipolazwa.

Ulikuja hospitali ukaniambia shemeji ananisalimu, kazi zimembana. Kazi yenyewe ilikuwa kufungua kabati langu la mbegu. Nilipotoka, maharage yalishaandikishwa kwa jina lake. Nilipomuuliza, alinishika bega akasema, mzee, kituo ni familia, na familia haina langu na lako.

Mwezi uleule nikaona kutu kwenye maharage hayohayo, katika mstari mmoja nyuma ya jiko langu. Mwizi mwenye sura nyingine alikuwa amefika. Mtu mwema angempelekea shemeji jani lile. Mimi nililitunza, nikaambukiza mmea mpya, na mwingine, vyungu sita kwa misimu mitatu.

Huenda ningeishia hapo. Lakini kwenye sherehe niliketishwa pamoja na madereva, na mumeo akawaambia wageni kwa kipaza sauti kwamba yule pale ni mzee wetu wa kumwagilia. Watu wakacheka kwa adabu. Nawe ulicheka, nilikuona.

Uliniuliza kwa nini nimekuja na koti la kazi mbele za watu. Asubuhi ile nilikuwa nimepangusa nalo majani ya vyungu vyote sita. Baada ya hotuba niliomba ruhusa ya kuyaaga maharage, nikapita polepole kati ya mistari, mwanzo hadi mwisho, nikigusa huku na huku kama babu anayebariki wajukuu.

Ningeweza kuwatumia wakulima kama kisingizio, nikasema nimewaokoa, maana mbegu ile ingegawiwa msimu ujao na kutu ingewafikia tu. Ni kweli, lakini si sababu. Nilitaka mumeo aone shamba lake likioza mbele ya macho yake, naye asijue kwa nini.

Sasa ajue kwamba ninaye mlinzi wa pili, niliyempata katika misimu hiyo mitatu. Maharage yenye jeni zote mbili yamesimama safi katikati ya vyungu vya kutu. Mwambie akiyataka aje mwenyewe, na wafanyakazi wote wa kituo, aseme mbele yao maharage ya kwanza yalikuwa ya nani. Nitamsikiliza nikiwa nimekaa. Akimaliza, nitamweleza kwamba mbegu niliipeleka juzi kituo cha ng'ambo ya mto, na imeshaandikishwa kwa jina langu. Wakulima wataipata, yeye hataigusa.

Hilo la mwisho usimwambie. Au mwambie, ni mumeo. Nitajua ulichochagua kwa namna atakavyobisha hodi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na goti uliweke juu ukikaa.

Ni mimi kaka yako,
Mkubwa