Tairi Zenye Vinyweleo

Shemeji,

Huku wote wazima. Pikapu mpya ya milango minne imefika, na mdogo wako hataki tubandue nailoni kwenye viti, kwa hiyo kila ukijigeuza kunalia kama mfuko wa mkate.

Kinachoninyima usingizi ni tairi. Zilizokuja nayo kutoka kiwandani ni za lami, na mteremko wetu unaujua, wote ni udongo wa mfinyanzi. Fundi alimshauri aweke za matope kabla ya mvua. Akamcheka: “Nitoe tairi ambazo bado zina vinyweleo vya mpira? Nina wazimu?”

Jumamosi tuliteleza. Gari lilikaa kiubavu, dirishani kwangu naona bonde tu. Akanikataza nisimwambie mtu. Nakuomba umpigie, ujifanye ni wazo lako. Wewe kaka yake hakubishii.

Anaapa hakuna hatari. Lakini tangu siku hiyo, tukianza kushuka, anafungua mkanda na kushika usukani kwa mkono mmoja. Wa pili uko kwenye kitasa cha mlango wake.

Milango ya nyuma, wanakokaa watoto, aliifunga mwenyewe isifunguke kwa ndani.

Ni mimi, shemeji yako.