Skrubu Nne na Alama za Baba

Jumatatu, 3 Machi
Mguu wa bandia wa Baba umefika karakana ya hospitali leo. Miaka sita nawarekebishia watu miguu ya bandia, na leo kilichoingia kwenye kikombe cha juu ya mguu ni kigutu cha baba yangu mzazi. Nilikipima mara tatu. Fundi Mkuu aliona — huyu tunamwita Milimita, maana neno "karibu sawa" halijawahi kumtoka. Akauliza kama anipokee. Nikakataa.

Chini ya kikombe kuna skrubu nne. Zikigeuzwa, mguu unalala mbele, nyuma, ndani au nje. Ukikosea, uzito wote unaegemea sehemu moja na ngozi inachunika. Daktari hakupindisha maneno: kigutu kikichimbika vibaya, watakata juu ya goti. Sitaki hata kuliandika vizuri. Juu ya goti.

Jumanne, 4 Machi
Nimeamua. Nitatumia njia niliyoandikia tasnifu chuoni, utafutaji wa moja kwa moja. Maumivu ya Baba hayana fomula, hayana mteremko wa kukokotoa. Ni kupapasa tu. Geuza skrubu mzunguko mzima, uliza. Nafuu? Baki hapo, endelea mbele. Si nafuu? Rudi, jaribu upande mwingine. Pande zote nne zikikataa, punguza hatua iwe nusu, anza upya. Wasanifu wa mitambo huikimbilia njia hii pale hesabu nyingine zinapogoma.

Baba anatembea kati ya vyuma viwili, anashikilia, kisha anatoa alama ya maumivu, sifuri hadi kumi. Nilimtania kwamba mwalimu mstaafu amerudi kusahihisha! Akacheka. Alianza na nane, tukamaliza na saba.

Milimita aliguna. Yeye hurekebisha kwa kusikiliza kisigino kinavyogonga sakafu.

Alhamisi, 6 Machi
Sita. Baada ya chakula cha mchana, tano. Hatua sasa ni nusu mzunguko. Baba hanung'uniki hata kidogo, anamtania muuguzi kuwa atamtoa jasho kwa mbio.

Milimita ameiangalia grafu yangu akasema ni safi mno. Wagonjwa wake leo hupanda, kesho hushuka. Nikamwambia baba yangu ni mtu wa utaratibu. Kijicho tu hicho.

Ijumaa, 7 Machi
Nne!! Haba na haba.

Jumatatu, 10 Machi
Tatu. Nimejaribu pande zote nne kwa hatua ndogo kuliko ukucha, Baba akasema hapa tulipo ndipo. Kwa kanuni, tumefika. Nikazitia skrubu gundi ili zisilegee.

Baba alinishika bega. Alisema, "Umefanya kazi, mwanangu." Nimekuwa mwanafunzi wake darasani na nyumbani, na sikumbuki kama aliwahi kunisifu hivyo. Nimerudi kwangu nikiimba kama mwehu.

Jumanne, 11 Machi
Mama alinipigia simu kazini. Njoo, basi. Hakusema zaidi.

Amekuta soksi za kigutu nyuma ya tangi la maji. Sita. Baba amezifua mwenyewe — mtu ambaye hajawahi kufua hata leso! Madoa ya damu hayakutoka. Mama alikuwa amezianika zote mstari mmoja, Baba azione. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akamwambia, akaingia ndani.

Nilifungua bandeji. Kidonda mbele, upana wa kifuniko cha soda, kimechimbika. Siku zote zile skrubu zilikuwa zinampeleka pabaya, na mimi nachora grafu bila kukagua soksi.

Nilimuuliza kwa nini. Alizitazama soksi kwenye kamba. Kisha akasema kila nikimuuliza alama, nakuwa na uso ule ule niliokuwa nao nikisubiri matokeo ya mtihani. Miaka thelathini na mbili ya ualimu, hakuwahi kumpa mtoto yeyote alama ya bure.
"Nikasema huyu mmoja tu."

Nimelia mbele yake. Nilikuwa na hasira pia. Na aibu, maana Milimita aliniambia.

Jumatano, 12 Machi
Daktari: wiki mbili bila mguu. Kidonda kikifunga, tujaribu mara moja zaidi. Kikifunguka tena, kisu. Baba aliitikia kwa kichwa kama anayesomewa ratiba ya vipindi.

Nafikiria kosa langu. Njia hii haikuhitaji alama zile hata kidogo! Inahitaji jibu moja tu, nafuu au mbaya. Alama nilizitaka mimi, ili grafu ipendeze.

Jumapili, 23 Machi
Ngozi mpya, nyekundu, nyembamba. Sijathubutu kuigusa.

Ijumaa, 28 Machi
Naandika kwenye benchi ya karakana, Baba anapumzika kidogo.

Kidonda kimefunga. Nimeitoa gundi yote, skrubu zimerudi zilipoanzia, hatua ni mzunguko mzima. Nimemwambia leo hakuna alama, sema nafuu au mbaya, basi. Akaitikia "sawa mwalimu". Milimita alisogea, akasimama upande wa kisigino, kichwa amekiinamisha. Sikumfukuza.

Nikageuza skrubu ya mbele. Kisha nikamgeuzia Baba mgongo, nikatazama ukuta, asiuone uso wangu. Nikasikia hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Akasimama.
"Baba?"
Nikasikia akivishika vyuma.
"Baba, nafuu au mbaya?"
"Mbaya," akasema. "Mbaya sana, mwanangu. Inaniuma."

Nilishika ukuta kwa mikono miwili. Sijawahi kufurahia neno kama hilo. Nikairudisha skrubu. Tukakagua soksi, ni kavu.

Zimebaki pande tatu. Ananyoosha mkono nimwinue. Ameniambia nigeukie ukutani kabla hajapiga hatua.